"Betri ya Baghdad" haikupaka dhahabu

Husemwa kwamba mafundi wa Iraki ya kale walipaka vyombo dhahabu kwa umeme, ushahidi ukiwa chungu kiitwacho "Betri ya Baghdad", kilichopatikana Khujut Rabu, karibu na Baghdad, mwaka 1936. Ndani mna silinda ya shaba na ufito wa chuma, mdomo umezibwa kwa lami. Ukitia siki, utapata kama nusu volti. Hilo halina ubishi. Ila lami ilifunika silinda yote: waya ungeungwa wapi, na siki ikichoka ungeibadilishaje bila kubomoa? Nyaya zenyewe hazikuonekana.

Vyombo vile vilipakwa kwa zebaki. Dhahabu huchanganywa nayo hadi iwe rojo, hupakwa juu ya fedha iliyosafishwa, kisha hupashwa moto. Zebaki huruka kama mvuke (sumu kali), dhahabu hubaki. Umeme ulianza kutumika kupaka dhahabu 1805, Luigi Brugnatelli wa Italia alipotumia betri iliyobuniwa na Alessandro Volta. Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya kutumia kemikali ya sianidi katika upakaji huo wa umeme, na kazi ikaingia viwandani.