Mzigo wa kukopa: kinachomfanya bakteria wa kipindupindu kuua

Mwaloni Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, mzee mmoja mvuvi wa dagaa aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, maji haya haya ya ziwa waliyanywa babu zetu. Huyo mdudu wa kipindupindu alikuwa wapi siku zote?" Nilimjibu kwa haraka kwamba watu wameongezeka na vyoo ni vichache, jibu ambalo si uongo, lakini linairuka sehemu ninayoiona tamu kuliko zote katika kazi yangu ya maabara.

Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, kwa asili ni mkazi wa maji. Hujishikiza kwenye magamba ya viumbe wadogo wanaoelea, na wengi wa jamii yake hawana uwezo wa kumletea mtu kipindupindu. Nikiwaotesha kwenye sahani ya TCBS, yaani chakula cha maabara cha kuwatambulia, muuaji na asiye muuaji hutoa makoloni ya manjano yanayofanana, na hata kipimo cha kundi O1, ambamo wauaji wengi wamo, hakimalizi shaka, kwa kuwa wapo O1 wasio na sumu. Tofauti kubwa imo katika kipande cha DNA chenye herufi zipatazo 7,000, kati ya takribani milioni 4 zilizomo katika kromosomu zake mbili, na kipande hicho bakteria hakukirithi kwa mababu zake wa majini. Ni virusi.

Mwaka 1996, Matthew Waldor na John Mekalanos walionesha kwamba jeni za sumu ya kipindupindu hubebwa na faji, yaani virusi vinavyoambukiza bakteria. Faji nyingi humpasua mwenyeji wake zinapotoka, lakini hii, iliyopewa jina la CTX, huipachika DNA yake katika kromosomu, hurithishwa kila bakteria anapogawanyika, na nakala zake hutoka nje huku mwenyeji akiendelea kuishi. Ndani yake zimo jeni mbili, ctxA na ctxB. Sehemu B ya sumu hujinasa kwenye seli za utumbo mwembamba. Sehemu A huingia ndani na kukwamisha swichi ya seli ikiwa imewashwa, hivyo chumvi humiminika kwenye utumbo na maji huifuata, hata kufikia lita 1 kwa saa kwa mgonjwa mahututi. Kwa maneno mengine, sumu inayomkausha mgonjwa imeandikwa na virusi, na bakteria ni kiwanda tu. (Dondakoo nalo lina kisa kama hiki, kilichogunduliwa mapema zaidi, mwaka 1951.)

Faji hiyo haiingii popote. Mlango wake ni vinyweleo vya bakteria viitwavyo TCP, vilevile anavyovitumia kukusanyika na kustawi ndani ya utumbo. Jeni za vinyweleo hivyo nazo zimo katika kisiwa cha DNA ambacho bakteria wengi wa majini hawana, chenye dalili zote za kutoka kwingine. Kwa hiyo mlango ulitangulia, mgeni akafuata. Na kwa kuwa vinyweleo huchipua vizuri ndani ya utumbo, Waldor na Mekalanos waliona faji ikiambukiza bakteria wapya kwa wepesi zaidi ndani ya utumbo wa panya kuliko katika chupa ya maabara.

Hapo ndipo ningemrudia mzee wangu. Utafiti wa mwaka 2017 uliosoma jeni za zaidi ya sampuli 1,000 ulionesha kuwa kipindupindu cha sasa kiliingizwa Afrika angalau mara 11 tangu mwaka 1970, kila mara na ukoo uliokwisha kubeba mizigo yote miwili, faji ya sumu na kisiwa cha vinyweleo. Hao hawakuzaliwa na bakteria wapole wa majini mwetu; walisafiri ndani ya watu. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipobanana Kagunga, kijiji cha mkoa wa Kigoma kilicho ufukweni mwa ziwa hilo, kisicho na barabara ya kueleweka, ukoo wa namna hiyo ulihitaji tu matumbo mengi na maji machafu. (Hili halimaanishi kwamba maji ya ziwa yasiyochemshwa ni salama.)

Kuna kipande kingine kinachonitia wasiwasi zaidi. SXT, chenye herufi karibu 100,000, huhama bakteria mmoja anapogusana na mwingine, na kwa kawaida hubeba usugu dhidi ya antibayotiki za kotrimoksazoli na streptomaisini. Mwaka 2004 ilioneshwa maabara kwamba antibayotiki nyingine, siprofloksasini, kwa kuijeruhi DNA, huamsha king'ora cha hatari ndani ya bakteria, na king'ora hicho hukifungulia SXT njia ya kuhama kwa wingi. Tiba ya kwanza ya kipindupindu ni kurudisha maji na chumvi mwilini, antibayotiki ikija kama msaidizi kwa aliyezidiwa. Ndiyo maana hunikera kuona vidonge vya siprofloksasini vikiuzwa kimoja kimoja dukani kwa kila anayeharisha. Katika kila koloni la manjano ninalotilia shaka, sasa hutafuta ctxA kwanza, kisha SXT, kabla ya kuandika jina lolote kwenye fomu.