Manuali si barua ya posa: dhana potofu kuhusu toni ya maelekezo

Huku Amu, yaani Lamu, kijitabu cha injini ya boti hukaa chini ya kiti kimerowa oili, hakuna anayekigusa mpaka siku injini imegoma kwenye mkondo wa Shela na abiria washaanza kunung'unika. Huyo ndio msomaji wako. Sasa wanaoandika manuali za Kiswahili, za injini, za sola, za pampu, wengi wanaandika kama vile msomaji amekaa barazani na kahawa yake.

Dhana kubwa kwetu pwani ni ati kuamrisha ni kukosa adabu. Basi unakuta "Mtumiaji mpendwa, tafadhali tunakuomba uhakikishe injini iko katika hali ya kuzimwa kabla ya kufungua kifuniko". Lo! Mtu ana spana mkono mmoja, wa pili kashikilia boti. Ukweli ni kwamba hapo amri fupi ndio heshima yenyewe: "Zima injini. Subiri ipoe. Fungua kifuniko." Na sharti litangulie kitendo, maana ukiandika "mimina oili" halafu mstari wa chini ndio useme "isipokuwa kama injini ni mpya", mwenzio ashamimina zamani.

Wengine wanasema lugha nyepesi inawadharau mafundi. Si kweli, mafundi wa ndege wenyewe wana kanuni inaitwa ASD-STE100, Kiingereza kilichopunguzwa maneno makusudi, na sentensi ya maelekezo haitakiwi kuzidi maneno 20. Kama wa ndege hajadharauliwa, wa boti ana nini?

Utani nao, na ule mtindo wa "ni rahisi tu!", ati unampa mtu moyo. Haumpi. Kichekesho kinachekesha mara ya kwanza, manuali inafunguliwa mara ya kumi. Na aliyeshindwa na kitu ulichokiita rahisi anajiona mjinga bure.

Halafu kuna hawa wa kupiga kelele, kila ukurasa ONYO, herufi kubwa, rangi nyekundu, wakidhani ndio usalama. Kiwango cha Marekani cha ANSI Z535 kina ngazi nne: kitu ambacho usipokiepuka kitakuua au kukuumiza vibaya, ambacho kinaweza kufanya hivyo, ambacho kinaweza kukupa jeraha dogo au la wastani, na mwisho kinachoharibu mali tu. Propela kuzunguka karibu na mtu aliye majini si sawa na kusahau kusuuza injini kwa maji matamu baada ya safari, hiyo ya pili inaleta kutu na gharama, ni hasara kweli lakini hakuna anayezikwa. Ukizipaka zote nyekundu msomaji anazizoea zote, hata ile ya propela anairuka.

Na si lazima kitabu kizima kiwe na toni moja, hii watu wanaisahau. Ukurasa wa kwanza mkaribishe mtu upendavyo, hakuna ubaya. Lakini sehemu ya matatizo iwe tulivu, isilaumu. Usiandike "umekosea kuwasha". Andika:

Injini haiwaki. Kamba ya usalama imechomekwa? Gia iko nyutro? Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi liko wazi?