Nafasi ya swala mbele ya bunduki

Kazi yangu ni kuongoza wawindaji wenye vibali katika ranchi zinazoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, na mara nyingine katika mafunjo ya bonde la mto Kafu. Wanaochukia uwindaji huniuliza kuna haki gani kwa mnyama anayepigwa risasi. Wanaokuja na bunduki huuliza kinyume chake: kibali ninacho, ada nimelipa, kwa nini unanizuia nisipige? Makundi yote mawili nayaheshimu, na jibu langu kwao ni moja, ingawa si fupi.

Tuanze na sheria, maana hapo mambo ni mepesi. Uganda ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1979, baada ya miaka ambayo wanajeshi na majangili waliwachinja wanyama bila hesabu. Mwaka 2001 uliruhusiwa tena kwa majaribio, papa hapa pembeni mwa Mburo. Wanyama wengi walikuwa wakiishi nje ya mipaka ya hifadhi, wakila majani yaleyale wanayokula ng'ombe, na mfugaji hakupata chochote kwa kuwaacha hai. Siku hizi Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ndiyo mwongozo. Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, hupanga ni wanyama wangapi wa aina gani wanaweza kuchukuliwa, na askari wake huandamana na mwindaji porini. Kwa hiyo nani awinde na wangapi wauawe ni mambo yaliyokwisha kuamuliwa kabla hatujatoka kambini. Lakini jinsi ya kumwendea mnyama, wakati gani wa kushusha bunduki na kurudi mikono mitupu, hayo kwa sehemu kubwa yameachwa kwenye dhamiri ya watu watatu au wanne waliosimama kwenye nyasi.

Kanuni nyingi tunazozitumia kupima dhamiri hiyo zilitoka kwa wawindaji wa kulungu huko Marekani. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, watu wa karne ya 19 walikuwa wakiwafukuza kulungu kwa mbwa mpaka ziwani, kisha mtu aliye ndani ya mtumbwi anawaua wakiogelea. Usiku waliwasha taa kwenye mtumbwi, kulungu akaduwaa ufukweni huku macho yamemng'aa, akapigwa. Theluji ilipokuwa nyingi, mnyama alizama mpaka tumboni asiweze kukimbia, na mtu akamfikia kwa miguu. Mwaka 1887 Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na George Bird Grinnell walianzisha chama cha wawindaji, Boone and Crockett Club, na chama hicho kikatamka kwamba njia za namna hiyo si uwindaji wa haki. Msingi wao ulikuwa huu: mnyama awe wa porini na awe huru, na mwindaji asijipatie upendeleo unaomnyima mnyama matumizi ya pua yake, masikio yake na miguu yake.

Mimi ni mtoto wa Arua, kwa hiyo jina la Roosevelt sikulijulia vitabuni tu. Mwanzoni mwa mwaka 1910 yeye na mwanawe Kermit waliwinda faru weupe upande wetu wa West Nile, kandokando ya mto Nile, na Rhino Camp, yaani Kambi ya Faru, ipo kwenye ramani mpaka leo. Waliwaendea kwa miguu, mchana kweupe, na kwa kanuni za chama chake sioni alipokosea. Faru hao walitoweka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakimalizwa na ujangili, na faru weupe wa kaskazini waliobaki duniani kote ni majike wawili, wako Ol Pejeta nchini Kenya. Simlaumu Roosevelt kwa ujangili wa watu wengine. Ninachosema ni kwamba uwindaji wa haki unamhusu mnyama mmoja aliye mbele yako, wala haukwambii kama jamii yake inaweza kumudu kumpoteza. Anayeniambia "nilimwendea kwa haki" bado hajajibu kama alistahili kumwendea.

Sasa nifike penye uzito. Watu huongea kana kwamba haki kwa mnyama ni kitu kimoja, kumbe ni viwili, na vinagombana. Cha kwanza, apate nafasi ya kutoroka. Cha pili, akifa, afe upesi. Ukiongeza cha kwanza mara nyingi unapunguza cha pili. Mwenye mkuki humpa mnyama nafasi kubwa kuliko mwenye bunduki, na ni yeye anayeacha majeruhi wengi zaidi vichakani. Wawindaji wa kulungu wanaotumia upinde wanalijua hili vizuri. Mshale wa upinde wa kisasa hwenda karibu mita 90 kwa sekunde, lakini sauti hwenda mita 340 hivi. Kulungu akiwa umbali wa mita 30, mlio wa uzi unamfikia kama robo sekunde kabla ya mshale. Kulungu wa mkia mweupe hujikunyata ili apate nguvu ya kuruka, mwili unashuka, na mshale uliolengwa mapafu unamchoma juu mgongoni. Amepewa nafasi, naye ameitumia, na matokeo yake ni kidonda badala ya kifo.

Msimamo wangu, ambao wenzangu kadhaa hawaukubali, ni kwamba nafasi yote ya mnyama iwe kabla ya risasi. Upepo ukigeuka akatunusa, ni haki yake. Ndege akilia, jike mmoja akakoroma, kundi zima likatimka, tumeshindwa na tunarudi. Lakini kidole kikishagusa triga, asiwe na nafasi hata chembe. Hapo nataka bunduki yenye nguvu ya kutosha, darubini iliyopimwa asubuhi ileile, miti mitatu ya kuegemeza, mnyama amesimama ubavu, na mahali pa kulenga ni nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua, penye moyo na mapafu. Anayekataa kuegemeza bunduki kwa madai ya kumpa swala nafasi anamwongezea mateso na kumpunguzia uhai kwa wakati mmoja.

Kwa kipimo hicho, kupiga kutoka mita 500, jambo ambalo wageni wengine wanalitamani kwa sababu wameona video, kunaanguka pande zote mbili. Swalapala wa mita 500 hana njia ya kukunusa wala kukusikia, kwa hiyo kabla ya risasi hakuwa na nafasi. Na risasi yenyewe huchukua zaidi ya nusu sekunde kumfikia, muda unaomtosha kuinua mguu akapiga hatua. Iliyolengwa mapafu ikaishia tumboni. Kambini kwetu mwisho ni mita 150 kwa swalapala. Mgeni asiyeupenda mpaka huo namshauri akatundike shabaha ya karatasi.

Kuna mahali ambapo kipimo changu chenyewe hubanwa. Nikifanya kazi kaskazini, karibu na hifadhi ya Murchison, nilikutana na suala la kobu, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa letu pamoja na korongo. Madume ya kobu hukusanyika kwenye uwanja wa nyasi fupi, kila mmoja akilinda kipande kidogo cha ardhi ambacho mtu anakivuka kwa hatua chache, na majike huja hapo kuchagua. Mtaalamu Helmut Buechner aliwachunguza kule Toro kuanzia miaka ya 1950. Viwanja hivyo hutumika miaka nenda miaka rudi, na madume wachache walio katikati ndio wanaopata sehemu kubwa ya majike. Sasa fikiria mwindaji. Anajua dume yuko wapi, na anajua kwamba hataki kuondoka, kwa sababu akiondoka jirani yake atakinyakua kipande chake. Mnyama ni huru, ni wa porini, hakuna ua wala chambo, mwindaji amekwenda kwa miguu. Kila neno la kanuni limetimizwa. Hata hivyo woga ambao siku nyingine ungemwokoa umezimwa na tamaa ya kuzaa, na huyo unayemlenga ndiye ambaye majike wenyewe wamemchagua.

Ninakataza kupiga dume uwanjani. Tunatafuta dume mzee aliyekwisha kusukumwa nje, mwenye pembe zilizochakaa, anayelisha peke yake au na wenzake waliofukuzwa. Huyo amerudiwa na akili zake zote, na kumkaribia ni kazi. Mgeni mmoja aliniambia uwanja mzima umejaa pembe nzuri kuliko za huyo mzee. Ni kweli, na sikumruhusu.

Nzohe ni habari tofauti. Huyu anaishi ndani ya mafunjo, kwato zake ni ndefu na zinatanuka, anatembea juu ya tope ambalo mtu huzama mpaka kiunoni. Huwezi kumnyatia humo, kwa hiyo tunajenga ulingo ukingoni mwa kinamasi na kumngojea alfajiri au jioni atoke kula. Wapo wanaosema kukaa kwenye ulingo si kuwinda. Sikubaliani nao. Hatukumwekea chambo, hatukumwita, saa ya kutoka anaichagua yeye, na siku nyingi hatoki kabisa. Kinachonikera ni kuyachoma moto mafunjo ili akose pa kujificha.

Kumsukuma mnyama kwenye kona ya seng'enge, kumulika usiku, kumwekea chumvi, kumvizia kwenye bwawa pekee lenye maji wakati wa kiangazi: hayo sitayajadili kwa urefu, ni ya Adirondack yaleyale. Neno moja tu kuhusu seng'enge. Ranchi za wilaya ya Kiruhura, huku Mburo, zinazidi kukatwa vipande na kuzungushiwa waya, na swala aliyekuwa na nafasi ya kukimbia kilomita nyingi sasa anakutana na waya mapema. Zamani nilisoma upepo kwanza. Siku hizi nasoma waya kwanza.

Mtihani mkubwa kuliko yote huja pale risasi inapokosea, na hakuna mwindaji asiyekutana nao. Hapo unasoma damu. Ikiwa nyekundu nyangavu yenye povu, ni mapafu, na mnyama hayuko mbali. Ikiwa nyeusi, nzito, yenye chembe za majani na harufu ya tumbo, una siku ndefu mbele yako, na kosa kubwa ni kukimbilia. Mnyama aliyepigwa tumboni akiachwa kimya hulala karibu. Akifukuzwa mara moja hujikaza na kwenda mbali usimpate. Unasubiri, halafu unafuata polepole, mtu mmoja machoni, mwingine nyayoni.

Katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu kambini, damu ikidondoka mnyama amehesabiwa na ada yake inalipwa, apatikane asipatikane. Ni kanuni njema, inamfanya mgeni afikiri kabla ya kupiga. Ila ina ubavu wake mbaya. Kuna anayeona kwamba akishalipa amemaliza deni. Jioni moja mgeni wa namna hiyo, aliyekuwa amemjeruhi pongo, alimwambia askari tuliyekuwa naye, "Afande, nimelipa, turudi, fisi watafanya kazi iliyobaki." Afande alimjibu kwa utulivu, "Ssebo, pesa umewalipa watu. Pongo bado anakudai risasi." Tulitafuta mpaka giza, tukarudi na mapambazuko, tukampata yu hai, na mgeni mwenyewe akammaliza. Kama angekuwa nyati, lisingekuwa suala la huruma peke yake, maana kesho yake mtoto anayechunga ng'ombe angepita kwenye kichaka hichohicho.

Wanaopinga kazi yangu wana hoja moja ambayo sina raha nayo, nayo haimhusu mnyama. Mgeni anayelipa dola anaondoka na pembe na picha. Kijana wa kijijini aliyetega tanzi ili apate nyama anaondoka na pingu. Tanzi silitetei hata kidogo. Ni waya uliochomolewa kwenye tairi lililochomwa au kwenye breki za baiskeli, halichagui dume wala jike mwenye mimba, halimpi mnyama nafasi kabla wala kifo cha upesi baada. Murchison kuna simba na twiga wenye miguu iliyokatwa na nyaya zilizotegwa kwa ajili ya swala. Lakini wazee wa nchi hii walikuwa na mipaka yao ya kujizuia kabla ya kibali chochote. Ukoo wa Ngabi katika Buganda hauli pongo, wa Njobe hauli nzohe, na hakuna askari anayewasimamia. Kijana wa leo tumemwachia makatazo bila kumwachia sehemu yoyote katika mnyama mwenyewe.

Nyama ya wanyama tunaowapiga hugawiwa vijijini, na sehemu ya ada hurudi kwa jamii. Ni vizuri, ila mgao hufuata ardhi. Mwenye ranchi hupata, na mchungaji wake, ambaye ndiye hulala nje na chui na ndiye anayeona tanzi kabla ya mtu mwingine yeyote, husubiri makombo. Katika kila kikao cha wenye ranchi nasimama na kudai jambo hilohilo: mchungaji anayeleta tanzi alilolitegua alipwe siku hiyohiyo kutoka kwenye ada ya uwindaji, kabla mwenye ardhi hajapokea sehemu yake. Baadhi wameanza kukubali, na wengine wananiambia nitawaharibia wafanyakazi. Nitasimama tena kikao kijacho.