Asidi ya ketoni huku sukari inasoma vizuri: maana yake kwa anayetumia dawa za "flozin" na amekata wanga

Kuna hali moja ambayo watu wengi wa sukari hawajawahi kuambiwa, na inabidi waambiwe, hasa sasa hivi ambapo kila ukifungua simu kuna video ya mtu anasema kata ugali, kata wali, sukari itashuka yenyewe. Kitaalamu inaitwa ketoasidosisi yenye sukari ya kawaida. Yaani damu imejaa asidi ya ketoni, ile ambayo ini linaitengeneza mwili unapovunja mafuta, kiasi cha kumuua mtu, lakini ukichoma kidole ukapima, mashine inakuonyesha 8, au 10, au 12 (milimoli kwa lita), namba ambazo mgonjwa wa sukari akiziona anasema leo niko vizuri. Hapo ndo hatari ilipo, kwa sababu miaka yote tumefundishwa kwamba mashine ikisoma vizuri basi mtu yuko salama.

Ketoasidosisi ile ambayo kila mhudumu wa afya anaijua huja na sukari ya juu, 20 na kuendelea, mashine nyingine zinaandika tu HI, yaani imepita kiwango cha mashine, na kila mtu pale anashtuka na kukimbia. Hii ninayoisemea hapa sukari inakuwa chini ya 13.9, au 250 kwa mashine zinazosoma miligramu. Sio ugonjwa mpya, madaktari waliiandika tangu 1973, ila ilikuwa haionekani sana mpaka zilipokuja dawa za kisukari ambazo majina yake kwenye boksi yanaishia na "flozin": dapagliflozini (Forxiga), empagliflozini (Jardiance), kanagliflozini (Invokana) na ndugu zake. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani ilikuwa kanagliflozini mwaka 2013, na Mei 2015 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikatoa onyo kwamba dawa hizi zinaweza kuleta ketoasidosisi hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Sasa kabla mtu hajaenda kutupa vidonge vyake chooni naomba asome mpaka mwisho, kwa sababu hizi dawa ni nzuri kweli, na kwa mwenye figo zilizoanza kuchoka ni kati ya vitu bora vilivyotokea miaka hii.

Zinavyofanya kazi ni hivi. Figo zako zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, na ndani yake kunapita sukari kama gramu 160 hadi 180. Mtu mzima wa afya hakojoi sukari hiyo, karibu yote inarudishwa kwenye damu, na sehemu kubwa, kama asilimia 90, inarudishwa na kibebeo kimoja kilichoko kwenye mirija ya figo kinachoitwa SGLT2. Dawa za flozin zinamzuia huyo. Matokeo yake sukari inatoka na mkojo, kwa mwenye figo zinazofanya kazi vizuri inaweza kufika gramu 60 hadi 80 kwa siku, ndo maana ukipimwa mkojo unaonekana una sukari nyingi hata kama ya damu imetulia, na ndo maana pia wengine wanasumbuliwa na fangasi sehemu za siri. Chanzo cha wazo lenyewe ni gome la mti wa tufaha, kuna kitu kinaitwa florizini kilitolewa humo mwaka 1835 huko Ulaya, na miaka ya 1880 ikaonekana ukimpa mnyama anaanza kukojoa sukari.

Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba faida ya figo haikuishia kwenye sukari. Dawa inapunguza presha ndani ya vichujio vya figo, vinaacha kufanya kazi kwa kujilazimisha, na protini inayovuja kwenye mkojo inapungua. Utafiti wa CREDENCE mwaka 2019 uliwafuatilia watu wa kisukari aina ya pili wenye figo zilizoharibika, utafiti mwingine wa DAPA-CKD mwaka 2020 ukaweka na wasio na kisukari kabisa, na zote mbili zilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa hiyo ukipewa dawa hii na daktari wa figo usishangae eti mbona sukari yangu sio mbaya hivyo, pengine anakulinda figo na moyo. Na usishtuke ukirudia kipimo baada ya wiki chache ukakuta ile namba ya figo, eGFR, imeshuka kidogo, huwa inashuka kidogo mwanzoni halafu inatulia, ila daktari aione yeye usijihukumu mwenyewe.

Turudi kwenye ketoni. Mwili ukikosa sukari ya kutumia unaanza kuvunja mafuta, ini linatengeneza ketoni, na ubongo na misuli vinazitumia. Ni kama jenereta umeme ukikatika, haina ubaya. Mtu aliyefunga usiku kucha anazo kidogo, mtu wa keto, yaani ule ulaji wa kukata wanga karibu wote, anazo zaidi, mashine ya damu inaweza kusoma 0.5 mpaka 3 na yeye yuko sawa anatembea. Kinachozizuia zisipande bila mwisho ni insulini. Hata insulini kidogo tu inatosha kuliambia ini sasa inatosha. Insulini ikipungua mno, ini halipati breki, ketoni zinazidi kupanda, damu inakuwa na asidi, na hapo ndo ketosisi, ile hali ya kawaida ya kuwa na ketoni bila ubaya, inageuka ketoasidosisi. Watu mitandaoni wanazichanganya hizi mbili kila siku, mmoja anasema keto inaua, mwingine anasema ketoni ni salama kabisa, na wote wawili wanasahau kuuliza huyu mtu anatumia dawa gani na kongosho lake lina insulini kiasi gani.

Sasa weka vyote pamoja. Flozin inamwaga sukari kwenye mkojo, sukari ya damu inashuka, kongosho linaona hakuna kazi linapunguza insulini, na homoni nyingine ya kinyume chake, glukagoni, inapanda. Hapo tayari mwili umeanza kuegemea mafuta hata kabla hujabadilisha chakula. Halafu wewe umeamua kukata wanga. Unga wa mahindi gramu 100 una wanga kama gramu 75, sahani ya ugali wa mtu mzima iliyotumia unga gramu 150 ina zaidi ya gramu 110 kwenye mlo mmoja. Keto kali inakutaka usizidi gramu 50, wengine 20, kwa siku nzima. Kwa hiyo kinaingia 20 au 30, na figo zinaendelea kumwaga nyingine nje, hata kama kiasi kinachomwagwa kinapungua sukari ikishuka bado hesabu haikubali. Insulini inashuka zaidi, ketoni zinapanda zaidi, na sukari kwenye mashine inaonekana nzuri kwa sababu ziada yote inatoka kwenye mkojo. Ile dawa inaficha dalili tuliyoizoea. Juu ya hapo dawa inakukojoza, na kukata wanga nako kunatoa maji mwilini wiki ya kwanza, kwa hiyo unakauka, na mwili mkavu unazidisha ketoni na unaumiza figo zilezile tulizokuwa tunazilinda.

Sio kila anayetumia flozin na kupunguza ugali atapata hii. Ni nadra kwa kisukari aina ya pili, lazima niseme hivyo. Lakini inawapata zaidi watu ambao kongosho limebaki na insulini kidogo: wa aina ya kwanza, waliougua kisukari miaka mingi, waliowahi kuumwa kongosho, wembamba ambao kisukari chao kiliitwa aina ya pili bila kupimwa vizuri. Na mara nyingi kuna kitu kinachosukuma: kutapika na kuharisha, malaria kali mtu hali chochote, pombe nyingi, upasuaji, kufunga siku nzima bila maji, au mtu kaona sukari imeshuka baada ya kukata wanga akajipunguzia insulini mwenyewe kwa nusu. Hiyo ya mwisho naiona ni mbaya kuliko zote kwa sababu anayeifanya anadhani anafanya vizuri.

Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, uchovu usio wa kawaida, kiu, kupumua kwa haraka na kwa kina kama mtu aliyekimbia, pengine pumzi yenye harufu ya kufutia rangi ya kucha. Ukisoma orodha hiyo unaona kwa nini inapotea. Huku kwetu mtu akitapika na mwili kuchoka wa kwanza atasema malaria, wa pili vidonda vya tumbo, na yule wa kwenye kundi la keto atamwambia vumilia hiyo ni homa ya keto mwili unazoea wanga kutoka, kunywa maji ya chumvi. Kwa mtu ambaye hatumii dawa yoyote huo ushauri unaweza kupita. Kwa anayetumia flozin anaweza kupoteza siku mbili ambazo hana.

Kwa hiyo ukiwa kwenye dawa hizi na ukapata dalili hizo, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama sukari ni 7, na useme sentensi hii kabla ya kitu kingine chochote: natumia dawa ya flozin, naomba nipimwe ketoni. Beba boksi la dawa. Kipimo kizuri ni cha ketoni za damu, chini ya 0.6 ni kawaida, kuanzia 1.5 inahitaji daktari, kufika 3 na kuendelea ni dharura. Kile cha mkojo kinasaidia pale ambapo cha damu hakipo, ila kikisoma kidogo kisikutulize, maana ketoni inayojaa zaidi kwenye hali hii sio ile ambayo kijiti cha mkojo kinaiona. Wodini wataangalia pia asidi na chumvichumvi za damu, hasa potasiamu.

Matibabu yake yanawashangaza ndugu. Mgonjwa anawekewa dripu ya maji, insulini, halafu na dripu ya sukari kwa pamoja, na shangazi pale kitandani anauliza mbona mnampa sukari mtu wa sukari? Wanampa kwa sababu insulini ndo inayozima ketoni, na sukari yake tayari iko chini, wakiweka insulini peke yake itaporomoka. Wako sahihi, waacheni wafanye kazi.

Je, ina maana mwenye kisukari asipunguze wanga? Hapana, mimi nasema apunguze, sahani za ugali na wali tunazokula ni kubwa mno na kuzipunguza kunashusha sukari kweli. Ila kuna kupunguza na kuna kukata. Kutoka ugali wa ngumi mbili kwenda nusu ya ngumi na mboga nyingi na maharage ni jambo moja, kwenda gramu 20 kwa siku ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili usilianze bila aliyekuandikia dawa kujua. Anaweza kusimamisha flozin kwanza, au akakwambia kwa hali ya figo zako dawa ni muhimu kuliko keto, ule wanga wa wastani. Wanaotumia vidonge vya sukari kama glibenklamidi na gliklazidi, au insulini, wana shida ya upande wa pili, wakikata wanga huku dozi ni ileile sukari inashuka mpaka mtu anaanguka. Metformini haina tatizo hilo ikiwa peke yake, ila nayo inaangalia figo, eGFR ikiwa chini ya 30 haitumiki.

Na kwa mwenye figo mbovu kuna la nyama. Wengi wakitoa ugali wanajaza nyama. Ushauri wa kawaida kwa figo zilizoathirika ambazo hazijafika hatua ya kusafishwa damu kwa mashine ni protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, mtu wa kilo 70 ni kama gramu 56 kwa siku. Nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyopikwa peke yake ina zaidi ya gramu 120. Mafuta ya zeituni, parachichi, mboga za majani, samaki kipande, hivyo vinajaza sahani vizuri zaidi, ingawa ambaye potasiamu yake iko juu parachichi na mchicha ajue kiasi chake kwanza.

Ukiumwa ukashindwa kula na kunywa, kwa kawaida flozin inasimamishwa kwa muda, metformini pia, na usikimbilie dawa ya maumivu ya diklofenaki duka la dawa maana mwili ukiwa mkavu inapiga figo. Insulini usiiache, dozi inaweza kubadilishwa na daktari lakini isikatwe kabisa. Kabla ya upasuaji wa kupanga flozin inaachwa angalau siku 3, 4 kwa ertugliflozini, kwa hiyo mwambie daktari wa upasuaji mapema na sio asubuhi ya siku yenyewe. Anayefunga Ramadhani aende kliniki kabla mwezi haujaandama wapange dozi, asianze dawa hii mpya katikati ya mfungo. Dawa inarudishwa ukishakula na kunywa kawaida kwa siku moja au mbili. Isipokuwa kama ulishapata ketoasidosisi yenyewe ukiwa nayo, hapo kwa kawaida hairudishwi, unatafutiwa nyingine, na jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi yako ya kliniki ili mtu wa zamu nyingine asikuandikie tena.