Msuli Kulegea Nako Ni Kazi: Protini Inayoondoa Kalsiamu Ndani ya Seli

Kalsiamu tumeizoea kama madini ya mifupa na meno, na tunahimizana tunywe maziwa, tule dagaa na miba yao, ili tuipate ya kutosha. Ndani ya seli hesabu hugeuka. Majimaji yanayoizunguka seli yana kalsiamu karibu mara 10,000 ya ile iliyo huru ndani yake. Ikiachwa ijae humo, seli huharibika na kufa. Kwa hiyo usiku na mchana ziko protini zilizopachikwa kwenye tando za seli ambazo kazi yao ni kuiondoa, kama mvuvi anayefua maji kwenye ngalawa inayovuja.

Mojawapo huitwa SERCA. Hiyo haikai kwenye utando wa nje. Makao yake ni utando wa vifuko vilivyomo ndani ya seli, viitwavyo retikulamu. Ni mnyororo wa asidi amino (vipande vinavyounda protini) zipatazo 1,000, uliopenya utando huo mara 10. Hushika ayoni 2 za kalsiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, hutumia molekuli 1 ya ATP, yaani nishati ambayo seli huipata kutokana na chakula, kisha hujipinda umbo zima na kuzimwaga ndani ya kifuko. Huko hukaa akiba mpaka zihitajike. Mwaka 2000 Chikashi Toyoshima na wenzake nchini Japani walichapisha umbo lake kwa undani wa atomu, na ayoni zile 2 zikaonekana zimekaa ubavu kwa ubavu katikati ya utando.

Kalsiamu ikifunguliwa kutoka kwenye vifuko, msuli hukaza. SERCA ikiirudisha, msuli hulegea. Hapa ndipo wanafunzi hubisha, maana kulegea wanakuona kama kuacha tu kufanya kazi. Basi na waende soko la samaki Mji wa Kale, Mombasa, wamshike kichwa samaki aina ya changu aliyevuliwa saa chache zilizopita: amekakamaa, mkia hauinami. ATP imemwishia, SERCA imesimama, kalsiamu imevuja, na nyuzi za msuli zilizoshikana hazina nishati ya kuachana. Muuzaji atakuambia hiyo ni dalili ya samaki mbichi, na anasema kweli. Baadaye atalegea, lakini ni kwa sababu nyama yenyewe imeanza kumeng'enyeka.

Samaki aitwaye nduaro naye ana maajabu yake. Karibu na macho ana msuli uliopoteza nyuzi zake za kukazia, ukabaki na retikulamu tele yenye SERCA. Kalsiamu huvuja, hurudishwa, huvuja tena. Mzunguko huo hauvuti chochote. Hutoa joto tu, la kupasha ubongo na macho anapozama kuwinda kwenye maji baridi.

Moyo wetu huihitaji SERCA kila pigo. Kando yake hukaa protini ndogo, fosfolambani, inayoizuia isiende kasi. Ukishtuliwa na bodaboda Barabara ya Digo, adrenalini, homoni ya mshtuko, huifanya fosfolambani iachie: kalsiamu hurudishwa upesi, moyo hulegea upesi, hujaa damu na kupiga tena.

Hitilafu za jeni za SERCA ni nadra. Kwenye ugonjwa wa Brody misuli hukakamaa baada ya mazoezi na kuchelewa kulegea. Ule wa Darier hutokea kwenye ngozi, kwa vipele vyenye magamba, kwani seli za ngozi hushindwa kushikana vizuri. Kubanwa na msuli wa mguu usiku ni jambo jingine kabisa, wala si sababu ya kukimbilia vidonge vya kalsiamu.

Moyo unaposhindwa kusukuma damu vizuri, mara nyingi SERCA yake huwa imepungua. Wataalamu walijaribu kuwapa wagonjwa jeni ya ziada ikibebwa na kirusi kisicho na madhara. Matokeo ya jaribio kubwa yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha nafuu iliyotarajiwa. Mgonjwa wa moyo anayesikia habari za tiba ya jeni asiache vidonge alivyoandikiwa kliniki.