Taa Kiunoni: Vazi la Ngoma Lazima Lijue Kukaa Gizani

Zoezi la mwisho kabla ya onyesho lilifanyika Shangani, hapa Mtwara mjini, jua limeshazama. Wachezaji sita wa sindimba walikuwa wamepiga magoti, mikanda ya taa niliyowashonea iko viunoni, taa zimezimwa. Mpango ulikuwa lipiko, mchezaji avaaye kinyago cha Kimakonde, aingie, acheze peke yake dakika nne kwenye mwanga hafifu wa taa moja ya pembeni, atoke, kisha ngoma ibadilike na viuno sita viwake kwa mpigo mmoja. Lipiko akaingia, akacheza, akatoka. Ngoma ikabadilika. Viuno vikaitika. Haikuwaka taa hata moja.

"Mama fundi, mbona giza?" binti wa mwisho mstarini aliniuliza, kiuno chake bado kinacheza.

Nilipoteza saa nzima nikipima waya kwa mita, mkanda mmoja baada ya mwingine. Waya zilikuwa nzima. Programu ilikuwa nzima. Kosa nililifanya mimi siku nilipoamua kutumia pawabenki za simu. Pawabenki imetengenezwa ichaji simu. Simu ikijaa huvuta umeme kidogo sana, na pawabenki huona kazi imekwisha, ikajizima. Nyingi hujizima mzigo ukishuka chini ya miliampea (kipimo cha umeme unaopita) 50 hadi 100 hivi. Mkanda wangu una taa 24 za WS2812B, zile ambazo kila taa ina chipu yake ndani na hupokea amri yake peke yake. Taa ya namna hii hata ikiwa imezimwa inakula karibu miliampea 1, kwa sababu chipu iko macho inasubiri amri. Chukua hizo 24, ongeza bodi ndogo ya Arduino, kikompyuta kinachoziongoza, hufiki hata 40. Mchezaji amepiga magoti gizani, na pawabenki inadhani ni simu iliyojaa.

Tangu usiku ule, kila vazi ninaloshona nalijaribu kwa kulizima kwanza. Nalitundika kwenye msumari dakika kumi, taa zote giza, halafu naliamsha.

Wapo wanaotatua shida hii kwa kuweka rezista inayokula umeme muda wote ili pawabenki isilale. Inafanya kazi, lakini rezista hiyo inatoa joto, na joto ndilo kitu cha mwisho ninachotaka kumwongezea mtu anayecheza sindimba Mtwara mwezi wa Desemba. Mimi nilihamia kwenye betri ya lithiamu ya 18650. Jina lake ni vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu 65. Uzito wake hauzidi gramu 50. Nainunua mpya, yenye ulinzi wa ndani unaokata umeme betri ikishuka mno au nyaya zikigusana. Zile zinazotolewa kwenye laptopu zilizokufa ni za bei rahisi na mafundi wengi huzitumia kwenye tochi na redio. Kwenye tochi sawa. Kwenye mgongo wa mtoto wa mtu, hapana.

Betri hii ilinipa na faida nyingine ambayo sikuitegemea. Taa za WS2812B zinaandikwa kuwa za volti 5, na zinataka amri izifikie kwa angalau asilimia 70 ya volti zinazozilisha. Kwa volti 5, hiyo ni 3.5. Bodi yangu inatoa amri ya volti 3.3, kwa hiyo wakati wa pawabenki taa zilikuwa zinapepesa ovyo mara mojamoja, nami nikilaumu viungio. Ukizilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri ya lithiamu iliyojaa, yaani volti 4.2, asilimia 70 ni 2.94. Amri inasikika vizuri. Kupepesa kukaisha siku hiyohiyo. Gharama yake ni kwamba betri ikiendelea kushuka, buluu ndiyo ya kwanza kufifia, kwa sababu inahitaji volti nyingi kuliko nyekundu. Mimi natumia zaidi rangi ya chungwa, rangi ya kaa la moto, kwa hiyo hainisumbui. Anayetaka jukwaa la buluu atafute njia nyingine.

Hesabu ya umeme haikwepeki. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote huvuta hadi miliampea 60. 24 zitavuta ampea 1.44. Lakini nani anataka nyeupe kwa nguvu zote? Chungwa kwa nusu ya mwanga, mkanda mzima pamoja na bodi yake hauzidi miliampea 400. Betri ya miliampea-saa 2600 ingenipa saa sita. Naihesabia tatu, kwa sababu betri huzeeka na maonyesho huchelewa kuanza.

Sasa tuje kwenye waya, maana vazi la umeme hufia hapo.

Waya haukatiki katikati. Hukatika pale kitu laini kinapokutana na kitu kigumu. Ukichomea waya kwa risasi, risasi ikiyeyuka hupanda kidogo ndani ya nyuzinyuzi za shaba, na ile sehemu iliyolowa risasi inakuwa kijiti. Milimita chache mbele yake, waya bado ni laini. Kila kiuno kinapokata, waya unapindika mahali palepale, mpakani mwa kijiti na ulaini. Sindimba si ngoma ya kutikisa mara kumi. Kwa wimbo mmoja mpaka huo umepindwa mara mamia. Waya mgumu wa uzi mmoja hautoboi hata zoezi la kwanza. Waya wa nyuzi nyingi wenye ganda la silikoni utakaa zaidi, lakini nao utakatika ukiuacha ujitegemee.

Dawa yake niliijua kabla sijashika risasi, kwa sababu ni dawa ya cherehani. Kifungo kinachovutwa sana hatukitegemezi kwenye kitambaa kitupu; tunaweka kiraka nyuma yake ili mvuto ugawanyike. Kwa waya nafanya vivyo hivyo. Kutoka kwenye kiungio natembea sentimita mbili, naushona waya kwenye kitambaa kwa mishono mitano ya mkono, na kati ya mshono na kiungio naacha kitanzi kidogo kilicholegea. Mvuto ukija unaishia kwenye mshono. Kiungio hakijui kama kuna ngoma inachezwa. Na juu ya lastiki waya haulazwi mstari mnyoofu, unalazwa kwa mawimbi, ili lastiki ikivutika mawimbi yafunguke. Mkanda mmoja unanichukua siku mbili, na zaidi ya siku moja ni mishono hii. Wanaoniuliza kwa nini bei yangu iko vile, jibu liko hapo.

Betri pia nilianza kwa kuiweka kiunoni, kwa vile taa ziko kiunoni. Ilidunda kama jiwe mfukoni. Kisha nikakaa chini nikawatazama wachezaji bila kufikiria taa: kwenye sindimba kiuno ndicho kinachosema, mabega yanatulia. Betri ikapanda mgongoni, kati ya mabega, kwenye mfuko wa nje wa blauzi wenye mkanda wa kunata. Waya unashuka ndani ya pindo hadi kwenye plagi ya kiunoni ambayo ukiivuta kwa nguvu inaachia yenyewe. Kuna fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri. Kila mchezaji, pamoja na mwenzake wa jirani, anafundishwa kuutoa ule mfuko kwa mkono mmoja, na tunalifanyia zoezi hilo kama tunavyofanyia zoezi nyimbo.

Wazo la betri iliyofichwa kwenye vazi ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1882 kwenye ukumbi wa Savoy, London, waigizaji waliocheza kama viumbe wa kichawi walivaa vitaa vya Joseph Swan kwenye nywele, betri zikiwa zimefichwa kwenye mavazi yao. Na mwaka 1956 msanii wa Japani, Atsuko Tanaka, alitengeneza vazi la umeme lenye balbu na mirija ya rangi za kila namna, akalivaa mwenyewe. Lilikuwa zito, lilikuwa la moto, na lilikuwa la hatari. Kila ninapoona picha yake nawaza ujasiri wa yule mama, kisha nawaza jasho lake.

Jasho la pwani yetu linahitaji heshima yake. Ni maji ya chumvi, na chumvi inapitisha umeme. Shaba mbili zilizo wazi, moja chanya na moja hasi, zikilowa jasho huku umeme unapita, ile ya upande chanya inaanza kuliwa. Utaona ukijani siku chache baadaye. Utepe wa taa unaouzwa ukiwa ndani ya mpira wa silikoni unalinda katikati tu. Umeukata kwa kipimo chako, umefungua milango miwili. Miisho yote naiziba kwa silikoni. Viungio vidogo navipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, nasubiri ikauke. Kisha taa zote nazipitisha kwenye njia ya wavu niliyoishona ndani ya mkanda, ili usiku wa onyesho ukiisha zichomolewe na kitambaa kifuliwe kwa sabuni kama nguo nyingine yoyote. Vazi la ngoma lisilofulika ni la kuvaliwa mara moja tu.

Uzi unaopitisha umeme nao nautaja kwa sababu vijana wengi huanza nao. Tangu mwaka 2007, Leah Buechley alipoleta sokoni bodi ya LilyPad ya kushonwa kwa sindano, watu wengi wamejifunzia huko, na ni shule nzuri. Ila upime uzi wenyewe. Ule wa chuma cha pua niliokuwa nao ulisoma ukinzani wa ohm 30 kwa mita. Taa moja ndogo ya miliampea 20 itapoteza volti 0.6 kwa mita hiyo, haina neno. Mkanda wangu wa ampea 0.4 ungetaka volti 12 zipotee njiani, na betri yenyewe ina nne. Uzi huo nauacha kwa kazi za kuhisi mguso, umeme wa taa upite kwenye waya.

Kitambaa cha juu nilikipata kwa bahati. Taa ikiwa uchi ni nukta inayochoma macho, haimvalishi mtu kitu. Nilijaribu marekani, nikajaribu bafta, kisha nikaweka kanga ya zamani iliyofifia, ikiwa imeinuliwa kama sentimita mbili juu ya taa kwa sponji. Mwanga ukapita kwenye sehemu nyeupe, wino mweusi ukauzuia, na jina la kanga likasimama gizani linasomeka. Kinamama waliokuwa wamekuja kutazama zoezi wakapiga vigelegele kabla hata ngoma haijaanza. Sasa kanga huchaguliwa na wachezaji wenyewe, nami siingilii jina wanalotaka kusema.

Taa hazifuati saa. Nilikataa hilo tangu mwanzo, kwa kuwa wapiga ngoma wetu huongeza kasi watazamaji wakichangamka, na hakuna programu itakayojua dakika gani. Ndani ya mkanda, juu kidogo ya mfupa wa mkia, kuna sensa ya mwendo, MPU6050, inayosomwa mara 100 kwa sekunde. Mchezaji akitulia inasoma uvutano wa dunia tu. Kiuno kikikata kwa nguvu, kipimo kinaruka, na taa zinawaka kisha zinafifia kama kaa linalopulizwa. Baada ya kila mruko programu inaziba masikio kwa sehemu ndogo ya sekunde, vinginevyo kiuno kimoja kinahesabiwa viwili. Kila binti ana kipimo chake, nakipata kwa kumrekodi akicheza wimbo mzima, kwa maana nguvu za viuno hazilingani. Na mkanda ubane. Mkanda uliolegea unapima kulegea kwake.

Nirudi kwa lipiko, ambaye ndiye sababu ya lile giza. Kikundi kiliwahi kuniomba niweke taa nyekundu kwenye macho ya kinyago. Nilienda kwanza kwa mzee mmoja wa huko Newala anayejua mapiko.

"Shikamoo, babu." Nikamweleza.

"Marahaba, mwanangu. Kwani lipiko anaona kwa wapi?"

Nikakaa kimya, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Kinyago cha mapiko huvaliwa kama kofia inayomeza kichwa, na aliye ndani huona kupitia mdomo wake. Mwili wote unafunikwa nguo ili asijulikane ni nani. Taa ndani ya kinyago, hata iwe ndogo vipi, ingemtia upofu aliye ndani, na mwanga ungetokea mdomoni ukauonyesha uso wake kwa wote. Yule ambaye mila inataka asijulikane, mimi ndiye ningemtaja, kwa betri ya gramu 45.

Sikuweka taa. Nikapendekeza kinyume chake: lipiko anapoingia, kila mwanga ulioshonwa kwenye nguo ya mtu uzimike. Kikundi kikakubali. Ndipo zikaja zile dakika nne za magoti na giza, na usiku wa onyesho, betri mpya zikiwa migongoni, nilisimama nyuma ya wapiga ngoma nikihesabu kimoyomoyo. Lipiko alicheza zaidi ya dakika nne, watu hawakutaka atoke. Alicheza karibu saba. Alipotoka, ngoma ikabadilika, na viuno sita vikawaka.