Je, wajua kwa nini tairi la pikipiki huzeeka hata likiwa limelala?

Pikipiki yangu ililala karibu miaka mitatu chini ya ngazi za ploti tunayoishi, mtaa wa Umoja, Nairobi. Siku niliyoitoa, mwaka 2023, mifereji ya matairi ilikuwa na kina kama ya dukani. Hata vile vinywele vya mpira vinavyotoka kiwandani vilikuwa bado vimesimama ubavuni. Kijana wa bodaboda wa steji aliyekuja kunisaidia kuisukuma aliinama, akaupanua mfereji mmoja kwa vidole gumba, akanionyesha nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kidimbwi kilichokauka.

“Boss, hii usiende nayo mbali.”

Tairi lake la nyuma lilikuwa linakaribia kipara, lakini ukilibonyeza lilikuwa laini. La kwangu lilikuwa gumu kama soli ya kiatu cha zamani. Lililokimbia kutwa limewezaje kuwa na mpira mzuri kuliko lililopumzika?

Tuanze na mpira wenyewe. Utomvu wa mti hupikwa pamoja na salfa, njia ambayo Mmarekani Charles Goodyear aliigundua mwaka 1839. Salfa hufunganisha nyuzi za mpira, na kitu kilichokuwa kikinata kwenye joto hugeuka kuwa kitu kinachovutika na kurudi. Shida ni kwamba kufungana huko hakukomi tairi likishatoka kiwandani. Joto na oksijeni huongeza vifundo polepole, mwaka baada ya mwaka, na vifundo vinavyozidi ndivyo mpira unavyokakamaa.

Kuna na ozoni. Wengi tunaisikia kwenye habari za tabaka la angani, lakini kiasi kidogo kimo pia katika hewa tunayovuta. Gesi hii hukata nyuzi za mpira, hasa mahali palipovutika: ubavuni ambako tairi limebonyea kwa uzito, na chini kabisa ya mifereji. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana huchanganya ndani ya mpira nta na dawa za kuzuia ozoni. Dawa hizo husafiri taratibu kutoka ndani hadi juu, na tairi likikunjwa na kukunjuka barabarani husaidiwa kuzitoa. Basi kila abiria ambaye yule kijana alimpeleka Njiru alikuwa akilisaidia tairi kujipaka dawa upya. La kwangu lilibonyea upande uleule, siku zote hizo, likajikaukia.

Na mimi nililiongezea taabu bila kujua. Ukuta wa ploti yetu umepakana na fundi wa kuchomelea mageti, na ule mwanga mkali wa kuchomelea hutengeneza ozoni. Mchana jua liliingia chini ya ngazi moja kwa moja, nalo jua la Nairobi, mji ulio karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, si la kuchezea. Ningeiweka kwenye stendi ya katikati na kuifunika turubai, pengine hadithi ingekuwa nyingine.

Tairi kukakamaa kuna ubaya gani, mradi mifereji ipo? Ubaya ni kwamba lami ina vinundu, na mpira hushika kwa kuzama kati ya vinundu hivyo kwa muda mfupi kila tairi linapozunguka. Mpira mgumu hupita juu juu. Kila tairi la pikipiki hugusa barabara kwa eneo lisilozidi kiganja, kwa hiyo hakuna akiba. Mvua ya kwanza ya Machi au Oktoba ikichanganya vumbi na oili iliyodondoka miezi yote ya kiangazi, mifereji mizuri juu ya mpira uliokufa haitakuokoa kwenye kona.

Kwa hiyo tazama umri kwanza. Ubavuni tafuta herufi DOT, kisha ufuate hadi tarakimu nne za mwisho, ambazo mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai hata kwa mazungumzo. Kampuni ya Michelin hushauri matairi yakaguliwe na mtaalamu kila mwaka yakishatimiza miaka mitano ya matumizi, na yaondolewe yakifikisha kumi tangu kutengenezwa hata kama yanaonekana mazima. Kwangu mimi, pikipiki inayolala nje Nairobi, kumi ni mingi mno. Nikiona nyufa, sihesabu tena.

Kuhusu kuisha, waendeshaji bodaboda hawahitaji somo. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, mara nyingi vya milimita 0.8, ambavyo ubavu huvionyesha kwa herufi TWI au pembetatu. Mpira ukilingana navyo, basi. La nyuma huisha mapema kwa kuwa ndilo linalosukuma na kubeba mzigo. Uvimbe ubavuni au nyuzi zilizochungulia haziulizwi umri.

Nilipokwenda mjini kununua, mwenye duka aliniletea tairi la 3.00-17 lililopakwa dawa likang'aa kama viatu vya harusi. Nikaligeuza, nikasoma: 3116. Miaka saba, na halijawahi kuona barabara.

“Hiyo ni mpya, haijatumika,” akasisitiza, na kwa upande wake hakudanganya. Likihifadhiwa gizani na penye ubaridi, tairi huzeeka polepole, lakini lile lilikuwa limening'inizwa mlangoni, juani. Nikamwomba atazame nyuma ya duka. Akarudi na jingine lenye vumbi, kuukuu kwa macho, 0823. Nikalipangusa kwa kiganja na kulipa.